Chotara ni Mche, si Mtu

Neno "chotara" husikika kila siku katika vihamba vya Kilimanjaro, na huko halina ila. Katika kituo cha Lyamungu, karibu na Moshi, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania imezalisha kahawa chotara zinazohimili chulebuni na kutu ya majani, maradhi yaliyomdhulumu mkulima jasho lake kwa miaka mingi. Mche huo ni mtoto wa wazazi wawili wenye sifa mbalimbali, waliounganishwa kwa makusudi.

Hata huko shambani neno lahitaji ufafanuzi. Mkulima akipanda mbegu alizochuma katika mche chotara, miche itakayoota haitafanana na mama yake, kwa kuwa sifa hutawanyika. Ndiyo sababu huzidishwa kwa vikonyo na kwa kubebesha. Bwana shamba asiyelieleza jambo hili humtia mkulima hasara.

Wala uchotara si upungufu. Sayansi imethibitisha kwamba kahawa ya arabika yenyewe, fahari ya mlima, ilitokana na mchanganyiko wa asili wa aina mbili za mibuni, mmojawapo ukiwa robusta.

Msiba huanza neno linapotolewa shambani likabandikwa binadamu. Mtaalamu wa mimea huteua wazazi waliochujwa nasaba. Wanadamu hawana nasaba ya namna hiyo. Sote ni jinsi moja, tuliochanganyika tangu kale. Waliokanusha ukweli huu twawajua. Mwaka 1906 utawala wa Wajerumani ulizuia ndoa baina ya Wazungu na Waafrika katika koloni lao la Afrika ya Mashariki. Mwaka 1908 Eugen Fischer aliwapima watu wa Rehoboth, Namibia, kama mifugo, na mawazo yake baadaye yaliwafaa Manazi.

Visiwani, ambako kaskazi na kusi zimeleta wageni kwa karne nyingi, nani atathubutu kuapa kuwa damu yake ni safi? Na kwa nini mtoto aliyezaliwa Unguja au Pemba aulizwe nusu yake imetoka wapi?

Ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU ilitamka kwamba binadamu wote ni ndugu. Kwa hiyo twawataka maofisa, walimu na waandishi waliache neno hili kwa mche, mahindi na ng'ombe. Mtu aandikwe kwa jina lake na uraia wake. Hayo yatosha.