Cha juu cha wakala: niliuzwa bei gani?

Makamanda, vijana wenzangu wa Tabora,

Mwaka jana nilipata kibarua kwenye mradi mmoja mkubwa wa ujenzi mkoani kwetu. Mradi siutaji, wala wakala aliyeniingiza. Wapo wenzangu bado wanakula pale. Nilikuwa nalipwa 14,000 kwa siku, nikajiona nimetoka. Siku moja nyapara akanituma ofisini kupeleka ankara, haina hata bahasha. Nikaisoma njiani. Wakala anamdai mkandarasi 25,000 kwa kila kichwa kwa siku.

Kichwa kimojawapo ni hiki changu. Tulikuwa 60. Piga hesabu mwenyewe: 660,000 kila jua linapozama.

Sisemi wakala asile. Anatafuta watu, ananunua buti na kofia, anapeleka michango NSSF (kama kweli anapeleka), na mkandarasi anaweza kumzungusha miezi ndo amlipe. Hizo ni gharama, tunazijua. Kinachoniuma ni kwamba niliambiwa "tumepatana" wakati mmoja wetu ndiye aliyekuwa anajua bei.

Babu zetu Wanyamwezi hawakukubali kirahisi hivyo. Kabla hajanyanyua mzigo wa frasila mbili pale Unyanyembe, mpagazi alipatana ujira na posho ya njiani, na mnyampara akiwasemea wenzake. (Hilo "nyapara" letu la saiti limetoka huko huko.) Tajiri akigeuka, mizigo inawekwa chini, msafara hauondoki. Na walikuwa na mashamba ya kurudia mvua ikianza, kwa hiyo hawakubembeleza mtu. Baadaye kule Bagamoyo akavuma Sewa Haji, aliyewakusanyia kina Stanley wapagazi kwa mkataba. Alitoa mali yake kwa hospitali, na wodi ya Sewahaji pale Muhimbili ina jina lake, tumpe haki yake. Lakini biashara ile ndiyo hii: bei moja kati ya tajiri na wakala, nyingine kati ya wakala na mpagazi.

Mwaka 2014 serikali ilitoa kanuni za kuwazuia mawakala wa ajira wasiwe waajiri wa watu wanaowatafutia kazi. Sawa. Wa kwetu alijiita "mkandarasi mdogo", maisha yakaendelea. CCM wanajua kutunga kanuni, kuzisimamia ndo kazi.

Tulimfuata watano. Akatucheka: "Vijana wamejaa Ipuli, mlango huo hapo." Wiki iliyofuata tukaenda 23, asubuhi ya kumwaga zege, magari ya zege yameshafika. Sikutaja ankara, nilimuuliza tu kama 25,000 inatosha kugawana vizuri. Akanyamaza. Tukatoka na 17,000. Wiki tatu baadaye mkataba wangu ukaisha na haukuhuishwa. Wenzangu wanaendelea kulipwa 17,000, na mimi sasa naendesha bodaboda Chemchem.

Ninachotaka chama chetu kikibebe ni kitu kidogo: sheria imlazimishe wakala kuandika kwenye mkataba wa kibarua kiasi anacholipwa kwa ajili yake. Achukue cha juu chake, ila mchana kweupe.

Wakati tunasubiri hilo, mwenye mkataba wa wakala, wa saiti au wa ulinzi au wa usafi, aulete ofisi ya vijana ya kata yake. Jina tunaliziba. Tunataka viwango tu, tuvibandike ukutani, ili anayeenda kuomba kazi Jumatatu ajue aanzie wapi.