*KUJIANDIKISHA SIKU YA KURA: MSIMAMO WA TAWI LETU*



Wengi mmeuliza kwa nini chama kisidai watu waruhusiwe kujiandikisha siku yenyewe ya kura, Agosti 10, 2027. Kamati ya tawi imekaa na jibu letu ni hili.

Hoja hiyo si ya mzaha. Kifungu cha 38 cha Katiba kinampa kila raia mtu mzima haki ya kuandikishwa bila vikwazo visivyofaa. Sheria nayo inafunga uandikishaji siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu. Kijana atakayetimiza miaka 18 mwezi Julai, au anayezungushwa kupata kitambulisho, atangoja miaka mitano mingine. Na kwingine jambo hili linafanyika: Minnesota, kule Marekani, watu hujiandikisha kituoni siku ya kura tangu miaka ya 1970.

Hata hivyo, kwa 2027 tunasema *hapana*. Sababu ni tatu.

*1. Karatasi.* Za 2022 zilichapishwa Ugiriki, kwa kufuata sajili iliyokuwa na wapiga kura 22,120,458. Kituo kimoja hakikuzidi watu 700. Wakitokea wapya 200 saa sita mchana, karatasi zitatoka wapi?

*2. Ulinzi.* Ajenti wetu huingia kituoni akijua idadi ya walioandikishwa hapo. Kura zikizidi idadi hiyo, anaugundua wizi kabla ya kutia sahihi Fomu 34A. Sajili ikiachwa wazi hadi jioni, kipimo hicho kimepotea.

*3. Mabasi.* Sote tunajua kuna wagombea wanaobeba watu wadi hadi wadi waandikishwe kwao. Leo upo muda wa kukagua sajili na kuweka pingamizi. Mtu akijiandikisha asubuhi na kupiga kura adhuhuri, utampinga lini?

Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais mwaka 2017. Nchi iliyopitia hayo haiwezi kuifanyia majaribio sajili yake.

Lakini kumwambia kijana yule "hapana" na kumwacha hapo ni dhuluma. Kwa hivyo tutaidai IEBC ilete mashine hadi wadi zetu mapema, na serikali itoe vitambulisho bila kumzungusha mtu.

Na sisi tuna kazi. Uandikishaji unaendelea katika ofisi za IEBC za maeneobunge. Kila mwanachama:
✅ Ahakikishe jina lake limo kwenye sajili.
✅ Aliyehama ahamishe kura yake.
✅ Atafute vijana wawili wasioandikishwa na awapeleke mwenyewe. Asiyekuwa na kitambulisho, jina lake lifike kwa kiongozi wa vijana tumfuatilie.

Tusingoje foleni ya dakika ya mwisho. Mwenye kitambulisho na aende wiki hii.


*Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Tawi*