KIBARUA WA ZAMANI NA KIBARUA WA LEO



Siku hizi mabwana wa kazi wamepata wimbo mpya. Wasema wanataka kila mtu aipende kazi yake, na tena apate nafasi ya nyumba yake. Maneno hayo hubandikwa ukutani, karibu na saa ya kupigia kadi. Sisi hatuyakatai, ni maneno mazuri. Lakini sisi watu wa Mjambere twauliza: mtu asiyejua kama kesho ana kazi, ataigawaje siku yake?

Mimi nilikuwa kibarua miaka miwili katika kiwanda kimoja cha Changamwe, jina lake naliacha. Nyumbani ni Likoni. Nilitoka saa kumi alfajiri, nikavuka feri, nikapanda matatu, na saa kumi na mbili nimesimama getini na wenzangu. Nyapara alitoka baadaye, akanyosha kidole: wewe, wewe, na wewe wa shati jekundu. Waliobaki walirudi. Nauli imekwisha kwenda na siku imeharibika, hukufanya kazi wala hukukaa na watoto. Mjomba wangu alipofariki sikwenda kuzika. Sikunyimwa ruhusa, maana hapakuwa na mtu wa kumwomba ruhusa. Niliogopa tu kwamba nikikosekana siku ile, kile kidole kitanisahau wiki nzima.

Wako wasemao kibarua ndiyo desturi ya Mombasa tangu zamani. Ni kweli, lakini si kibarua hiki. Neno lenyewe latokana na barua, kile cheti kidogo alichopewa mtu wa kazi ya kutwa. Makuli wengi wa Kilindini kabla ya Vita Kuu ya Pili walikuwa watu wa kutwa, na baadhi yao walikuwa na mashamba huku bara. Kuli alifanya siku zake kadhaa, akapata pesa za matumizi, akarudi kupalilia muhogo. Wazungu wakamwita mvivu. Ujira wenyewe ulikuwa mdogo mno, ndipo watu wakagoma mwaka 1939, na tena Januari 1947, mji mzima, walipokuwa wakikutana Kiwanja cha Maskini. Baadaye, katika miaka ya 1950, makuli waliandikishwa, wakawekewa hesabu ya siku ambazo sharti mtu azifanye kila mwezi, asiyezitimiza alifutwa. Hiari ya kuchagua siku ilipungua, lakini jina lake likawa kitabuni, na chama cha kumsemea kikawapo.

Kibarua wa leo amenyang'anywa vyote viwili. Hana jina kitabuni, wala hana hiari ya siku.

Sheria ipo. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazofikia mwezi mmoja, ahesabiwe kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Kifungu cha 27 chatoa siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na cha 28 likizo ya siku za kazi 21 kila mwaka. Ndiyo maana mwezi ukikaribia kutimia mtu huambiwa, "Pumzika siku tatu, kisha urudi." Huko si kupumzishwa, ndugu. Ni kukatiwa hesabu.

Na hiyo kazi ya kupendwa itatoka wapi? Kwa mwaka mzima nilibeba maboksi bila kujua ndani mna nini. Kisha fundi mmoja mzee wa zamu ya usiku aliniita, akanionyesha mashine inavyokata na kwa nini hukwama. Tangu usiku ule nikawa naisikia ikianza kuharibika kabla haijasimama, na kwa mara ya kwanza nilikwenda kazini nikiwa na hamu. Lakini nani atajisumbua kumfundisha mtu ambaye kesho huenda asichaguliwe?

Nasi wenye kazi za kudumu tusijitoe. Tunaye mwenzetu ajisifuye kwamba hajakaa nyumbani Jumapili tangu mwaka jana. Najua mshahara hautoshi, hata mimi ovataimu nimeila. Lakini zile zamu za ziada tunazogombania ni kazi ya yule aliyesimama nje ya geti. Tukidai mshahara wa msingi upandishwe bila kuligusa jambo hili, tutakuwa tumejisemea sisi peke yetu.

Maoni yangu ni kwamba katika mapatano yajayo chama kidai ratiba ya zamu ibandikwe wiki moja kabla, vibarua na majina yao wakiwamo, na mtu asichaguliwe tena kwa kidole. Kwa sasa, kila kibarua anunue daftari dogo. Aandike tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka na pesa aliyolipwa, na zile siku alizorudishwa getini aziandike vilevile. Mwisho wa mwezi alilete daftari kwa katibu wa tawi. Asiyejua kuandika amwambie mwenzake, au aje kwangu baada ya zamu ya mchana, nitamwandikia.

Mwanachama, Likoni