Mdhamini wa Ndege Yuko Tetu

Mkulima wa Othaya anayemweka rehani ng'ombe wake wa maziwa ili apate mkopo anajua alitendalo. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2017 kuhusu dhamana za mali inayohamishika, haki ya mkopeshaji huandikishwa katika daftari la serikali, na aliyetangulia kuandikisha ndiye atanguliaye kulipwa. Deni lisipolipwa, ng'ombe huondoka zizini.

Ndege nayo ni mali ya namna hiyo, ila huvuka mipaka. Asubuhi iko Nairobi, jioni London. Mkopeshaji ataikamata kwa sheria ya nani? Ndiyo maana mataifa yalikubaliana mjini Cape Town, Novemba 2001, kwamba haki hizo ziandikwe katika daftari moja la dunia, lililoko Dublin, na kwamba mdaiwa akishindwa, mkopeshaji aweze kuifutisha ndege katika usajili wa nchi na kuihamisha. Mkataba unahusu ndege iliyoidhinishwa kubeba angalau watu 8, rubani akiwemo. Hata baadhi ya zile ndogo zinazowashusha watalii Nanyuki zimo.

Visiwa vya Cayman viliziingiza kanuni hizi katika sheria yao mwaka 2009, kabla hata Uingereza, inayovitawala, haijauridhia mkataba mwaka 2015. Si ajabu. Biashara yao ni kusajili makampuni yamilikiyo mali za watu wa mbali, na mkopeshaji akitulia, ada huingia. Kenya iliridhia mwaka 2006, ikatunga sheria yake mwaka 2013, wala haikukosea: mkopeshaji asiye na hofu hutoza riba nafuu.

Lakini riba nafuu si zawadi. Mwaka 2017 Bunge liliidhinisha dhamana ya dola milioni 750 kwa madeni ya Kenya Airways; milioni 525 kati ya hizo ziliihusu benki ya serikali ya Marekani iliyoudhamini ununuzi wa ndege. Mdhamini wa mwisho, basi, ni mchuma majani chai wa Tetu.

Je, aliambiwa? Neno "dhamana" lina maana tatu: mahabusu kuachiliwa, mali kuwekwa rehani, na mtu kuahidi kulipa deni la mwenziwe. Iliyokusudiwa ni ya tatu, nayo ndiyo nzito. Sheria ya 2013 nayo imebeba katika jina lake neno la Kiingereza liwezalo kuwa riba, maslahi au haki. Mawakili hulielewa, mlipa kodi huachwa akibahatisha.

Katiba ya 2010 inakifanya Kiswahili lugha rasmi, na Kifungu cha 201 kinataka uwazi na ushiriki wa umma katika fedha za serikali. Kwa hiyo, kabla ya dhamana nyingine kufikishwa Bungeni, Hazina ichapishe ukurasa mmoja wa Kiswahili: ndege zipi, zimeandikishwa kwa jina la nani na katika nchi gani, deni ni kiasi gani, na mwananchi ataanza kudaiwa lini. Wafasiri wapo. Bunge la Taifa limekwisha kuzitafsiri Kanuni zake za Kudumu, kazi iliyo kubwa kuliko hii.