Mhudumu wa Afya Naye Ana Shamba



Mtu aliyepo mjini Morogoro huitazama milima ya Uluguru akaona uzuri wake. Mama mwenye uchungu wa kuzaa katika vitongoji vya juu, upande wa Kinole au Bunduki, huona umbali wake. Masika yakishika, njia huteleza, na mgonjwa huenda akateremshwa kwa machela mabegani mwa wanaume. Ilhali wataalamu wanatufundisha kwamba damu ikimtoka mama kupita kiasi baada ya kuzaa, yaweza kumwua kwa muda wa saa mbili tu.

Waganga na wauguzi ni wachache, nao hawawezi kukaa katika kila kitongoji. Kwa hiyo msaada wa kwanza hutoka kwa jirani aliyefundishwa. Huyo ndiye apitaye nyumba kwa nyumba, amhimize mjamzito ahudhurie kliniki mapema, amtambue mtoto anayehema kwa kasi au asiyeweza kunyonya, na ampeleke zahanati kabla hajazidiwa.

Kazi hii si ngeni nchini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao 2,000,000 katika vikundi vya kusoma na kusikiliza redio, na vyoo vingi vikachimbwa. Katika miaka iliyofuata vijiji vilichagua wahudumu wao, vikatakiwa viwatunze vyenyewe. Vingi havikuweza, na wahudumu wengi wakarudia majembe yao. Hatuna haki ya kuwalaumu. Mkono mtupu haulambwi.

Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka mitano, nao walipwe posho. Hiyo ni hatua njema. Hata hivyo, posho haipalilii shamba. Mhudumu anayeshinda mlimani akimwangalia mtoto wako huacha maharage yake yakimezwa na magugu.

Basi, ndugu msomaji, familia yako ina wajibu gani? Wewe baba, weka akiba ya nauli mapema, wala usingoje uchungu uanze. Wewe mama, mweleze mhudumu ukweli wa hali yako, na umpe kadi ya kliniki aisome. Vijana, mbebeeni mizigo yake, na siku ya ujima mwanze na shamba lake. Mkutano wa kijiji nao uulize kila mara: posho yake imefika? Vifaa vyake vimekwisha? Zahanati inawapokea wagonjwa anaowapeleka?

Kumpigia makofi mhudumu siku ya kuchaguliwa ni jambo jepesi. Hatuna budi kumsaidia pia mwaka wa pili na wa tatu, wakati makofi yamekwisha na mlima ungali palepale.