Mkono mdogo na herufi za kuunga

Dada yangu alinipigia simu Jumapili usiku, sauti ya chini kama anaficha jambo. Mwanawe wa miaka 6 kaandika jina lake kutoka kulia kwenda kushoto, na d imegeuka b. "Au ana tatizo la kichwa?" Nikamuuliza, mtoto katoka wapi? Katoka chuoni.

Basi ndiyo hivyo. Asubuhi yuko skuli anaandika kutoka kushoto, alasiri yuko chuoni anaandika kutoka kulia. Kugeuza herufi ni kawaida mpaka kiasi cha miaka 7. Likiendelea baada ya hapo, zungumza na mwalimu, na macho yapimwe. Usimpige wala usimwite mzito.

Tena chuo kinamsaidia. Herufi za Kiarabu ni 28, na ni sita tu, yaani alifu, dali, dhali, ree, zee na wau, zisizoshikana na herufi inayofuata. Kwa hiyo kuunga herufi si kitu kigeni kwake. Skuli wakianza mwandiko wa kuunga, mkumbushe hilo.

Kinachochelewa ni mkono. Katika umri huu mifupa midogo ya kifundo cha mkono bado haijakomaa yote, na mtoto huchoka haraka na kukamata penseli kama mchi. Kabla ya daftari, mpe kazi za vidole: kutunga asumini, kuchambua mchele, kukanda unga wa chapati, kubana nguo kwa vibanio. (Mbuzi ya nazi muachie mkubwa, ile ina meno.)

Halafu tandaza unga kidogo kwenye sinia, aandike kwa kidole. Aanze na c, kubwa kama kiganja chake. Herufi a, d, g na o zote huanza kwa mzunguko huo huo. Akizoea, muonyeshe mkia wa a unavyokwenda kuigusa jirani yake. Neno zuri la kuanzia ni "dada": herufi mbili tu, zote za familia ya c. Dakika kumi zinatosha, akikasirika mwache akacheze.

Anayetumia kushoto mwache aandike kwa kushoto. Inamisha daftari, pembe ya juu ya kushoto iwe juu zaidi, aone anachoandika. Adabu ya kula kwa mkono wa kulia ataishika bila ya kunyang'anywa penseli.

Juzi dada kanitumia picha ya sinia. "Dada" imeandikwa kutoka kushoto, a ya mwisho imemwagikia sakafuni.