Likizo ya Desemba na Safari ya Dar es Salaam

Mwezi wa Desemba ukaribiapo, hapa Dodoma hapana habari izungumzwayo na makarani kuliko ya kwenda Dar es Salaam. Wala si ajabu. Shauri la kuhamishia makao makuu huku bara lilikatwa mwaka 1973, lakini ofisi nyingi hazikuhama mpaka mwaka 2016 na baadaye, na sheria ya kuutangaza mji huu ikapitishwa mwaka 2018. Basi wengi wetu tulikuja na mafaili, tukaacha nyuma wazazi, nyumba zilizojengwa nusu, na pengine mke na watoto waliokuwa shuleni. Kwa hiyo karani asemapo kwamba anakwenda pwani kupunga upepo, aghalabu maana yake ni kwamba anakwenda kwao.

Mwaka jana sisi tunaoandika ukurasa huu tulisafiri vibaya, na twaona si aibu kuyasimulia. Ruhusa yetu ya likizo ilitiwa sahihi siku mbili kabla ya siku yenyewe. Tulipotaka kukata tikiti za gari la moshi, viti vilikuwa vimekwisha kwa juma zima. Tukapanda basi la mchana, sisi na watoto watatu, magunia mawili, na kuku wawili ndani ya tenga. Tulifika kituo cha mabasi cha Mbezi usiku mkubwa, na mwenyeji wetu akaa Kigamboni, ng'ambo ya bandari, wala hakuwa na habari ya kuja kwetu, maana tulidhani tutampigia simu njiani, na simu ikazimika moto kabla hatujafika Chalinze. Ndugu yule alitupokea kwa heshima wala hakusema neno. Mkewe naye hakusema, ila tulimwona akihesabu vichwa mara mbili, kisha akawaamsha watoto wake na kuwalaza chini ili wetu wapate kitanda.

Tangu siku ile tumejiuliza, kosa lilikuwa la nani? Mtu atasema ni la mkuu wa ofisi aliyechelewa kutia sahihi. Nasi tulisema hivyo, tena kwa maneno makali, mpaka tulipofuata njia ya faili lile. Mkuu alilitia sahihi siku ile ile lilipofika mezani pake. Kabla ya hapo lilikuwa limelala siku kumi na tisa katika masijala, chini ya mafaili mengine, mbele ya karani mwenzetu, mwanachama wa chama hiki hiki.

Ratiba ya likizo hupangwa mapema katika mwaka, na kila mtu hujua mwezi wake. Lakini ratiba si ruhusa, na karani wa daraja la chini hathubutu kutoa fedha yake kwa tikiti kabla hajaiona sahihi, maana siku yenyewe ikibadilishwa, hasara ni yake. Mkubwa ana gari lake. Akipewa ruhusa jioni ataondoka alfajiri. Aumiaye kwa faili kuchelewa ni tarishi, ni mpiga chapa, ni karani mwenye watoto wanne. Tukilalamika kwamba wakubwa hawatujali, na tulalamike; lakini je, sisi tunajaliana?

Sasa tuseme habari ya safari yenyewe. Reli ya kwanza kutoka Dar es Salaam ilifika Dodoma mwaka 1910, na kwa miaka mia na zaidi baba zetu waliijua safari ile kuwa ya kulala njiani. Gari la umeme la reli mpya lilianza kuchukua abiria mpaka Dodoma mwezi wa Julai 2024, na mwendo wake ni kama saa nne au chini yake. Nauli iliyotangazwa mwaka ule kwa daraja la kawaida ilikuwa Shs. 31,000, mume na mke kwenda na kurudi, basi, ni Shs. 124,000, kabla hujahesabu mtoto hata mmoja. Fedha hiyo kwa wengi wetu haipatikani kwa siku mbili ila kwa mkopo, na mkopo wa haraka twaujua riba yake. Mwenye kujua siku yake mwezi mmoja kabla aweza kuiweka kidogo kidogo.

Tikiti hukatwa kwa simu au dirishani, na jina lililoandikwa juu yake sharti lifanane na kitambulisho. Hapa twamwonya karani aitwaye jina moja nyumbani na jingine katika faili la kazi: andika lile la kitambulisho. Kata ya kurudi siku ile ile unapokata ya kwenda. Wako wenzetu waliokwenda kwa raha na kurudi kazini wamechelewa siku tatu, kwa kuwa mwanzo wa Januari watu wote wa pwani hukumbuka siku moja kwamba wana kazi bara. Na siku ya safari nenda stesheni mapema, maana mizigo hupitishwa katika mashine na kukaguliwa. Basi laweza kumngoja abiria anayekimbia huku akipunga mkono. Gari hili halingoji.

Habari ya mahali pa kulala, twasema kwa upole lakini twasema. Nyumba ya ndugu yako si nyumba ya wageni. Vyumba vya Dar es Salaam ni vidogo, kodi ni kubwa, na maji mahali pengine hununuliwa kwa ndoo. Mpelekee mwenyeji habari walau majuma matatu kabla: mwaja wangapi, siku gani, na mtaondoka siku gani. Hili la mwisho ndilo tulisahaulo, na ndilo mwenyeji asiloweza kuuliza. Akijibu kwa maneno ya kuzunguka, usimlazimishe kusema wazi. Tafuta chumba Magomeni au Sinza au Kariakoo, kisha nenda kwake mchana kumwamkia. Wala usipeleke fedha ya chumba kwa namba uliyoiona chini ya picha nzuri. Mwombe mtu aliyeko kule akapitie, atazame kama pana chandarua, feni na maji, ndipo ulipe, na uiweke stakabadhi.

Katika kufunga mizigo twaona watu wakikosa kwa namna mbili. Wa kwanza huchukua kabati zima. Joto la Dodoma ni kavu, na mtu aweza kuvaa koti akasalimika. Joto la Dar es Salaam mwezi wa Desemba lina unyevu, na suti uliyoishona kwa ajili ya kuonekana itaonekana imelowa kabla hujafika Ilala. Mashati mepesi ya pamba matatu au manne yatosha, kwa kuwa hufuliwa jioni. Kanga mbili ni shuka, ni taulo, ni pazia. Chukua mwavuli mdogo, maana mvua za vuli huenda zikawa hazijaisha. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imekatazwa tangu tarehe 1 Juni 2019, basi tafuta kikapu.

Wa pili huchukua nguo zote zinazofaa, akaacha karatasi. Kadi ya bima ya afya ya kila mtoto, dawa za mwenye sukari au shinikizo la damu za siku zote pamoja na siku mbili za ziada, kitambulisho, na barua ya ruhusa yenyewe: hivi vyote viwe katika mfuko mmoja usiofungwa ndani ya sanduku. Namba za simu za mwenyeji ziandikwe katika kipande cha karatasi. Mwadhani ni mambo ya kizamani, lakini simu yetu ilipozimika pale Chalinze, karatasi ile ingaliweza kutuombea simu ya jirani kitini.

Zawadi nazo zina akili yake. Ubuyu, karanga, mlenda uliokaushwa na unga wa mtama havivunjiki wala havinuki, na mtu wa Dodoma akaaye pwani huvipokea kwa furaha. Kuku uliza kwanza. Wale wa kwetu walifika, mmoja hai.

Na mkiwapeleka watoto baharini, msiwaache peke yao kwa kuwa maji yalikuwa haba asubuhi. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na mwezi ukiwa mpevu au ukiandama maji huja kwa wingi zaidi. Mtoto wa bara aliyezoea bwawa hajui kwamba mahali aliposimama saa nne pana kina saa nane.

Tumewaomba makatibu wa matawi wakutane na makarani wa masijala kabla ya mwisho wa mwezi wa Oktoba, wayatoe mafaili yote ya likizo ya Desemba yaliyosimama, na kuyapeleka mezani kwa wanaotia sahihi, kwa orodha yenye tarehe. Faili likikaa zaidi ya siku saba pasipo sababu, mwenye faili na alete habari kwa katibu wa tawi lake, naye aulize kwa adabu limelala wapi. Jina la karani halitaandikwa katika gazeti hili. Idadi ya siku itaandikwa.